"Haioani": Neno Moja kwa Maradhi Matatu

Miongoni mwa istilahi zilizoenea mno katika tafsiri za programu za kompyuta ni kitenzi "haioani". Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kwa kukipima katika uwanja mmoja tu, yaani programu za kutengenezea muziki, ambamo kasoro yake hudhihirika wazi.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mtengenezaji wa muziki wa leo hurekodi na kupanga sauti ndani ya programu kubwa, kama vile Cubase, kisha huongeza humo programu ndogo ndogo: moja hutoa sauti ya kinanda, nyingine hutia mwangwi. Programu hizi ndogo kwa kawaida hufanya kazi ndani ya ile kubwa, kama mgeni nyumbani kwa mwenyeji wake. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mwaka 1996 kanuni za mapatano baina ya wawili hawa, zijulikanazo kwa jina la VST. Wafasiri wengi huiita programu ndogo "programu-jalizi". Hatudhani kuwa jina hili linafaa, kwani kujaliza ni kujaza kilichopungua, na hapa hapana kilichopungua; programu huchomekwa na kuchomolewa. Kwa hiyo tutaiita kichomeko, na ile kubwa tutaiita mwenyeji.

Kichomeko cha zamani kikikataliwa na mwenyeji wa leo, tafsiri husema "haioani", basi. Lakini sababu za kukataliwa ni tatu. Ya kwanza ni upana. Vichomeko vingi vya miaka ya 2000 viliundwa kwa biti 32, upana usioweza kufikia kumbukumbu izidiyo gigabaiti 4, hali wenyeji wa sasa ni wa biti 64. Cubase 9 ya mwaka 2016 iliviacha, na mwaka 2019 mfumo wa macOS Catalina ukaziondoa kabisa programu za biti 32. Ya pili ni kanuni. VST2 ilitolewa mwaka 1999 na VST3 mwaka 2008. Mwaka 2022 Steinberg ilitangaza kwamba programu zake zingeacha kupokea VST2. Ya tatu ni kichakataji. Tangu mwaka 2020 kampuni ya Apple imekuwa ikiuza kompyuta zenye vichakataji ilivyovibuni yenyewe, ambavyo havielewi amri zilizoandikiwa vichakataji vya Intel.

Maradhi matatu yana dawa tatu, nazo pia wafasiri wamezichanganya kwa kuziita zote "daraja". Daraja hasa ni dawa ya upana: kichomeko cha biti 32 huendeshwa pembeni, na sauti huvushwa kwenda na kurudi. Kichomeko cha VST2 hakihitaji daraja bali ganda, ambalo humwonyesha mwenyeji sura ya VST3. Ama tofauti ya vichakataji hutibiwa kwa ufasiri: Rosetta 2 ya Apple huzigeuza amri za Intel ziwe za kichakataji kipya, na mara nyingi hulazimu mwenyeji naye aendeshwe kwa njia hiyo hiyo. Dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nafasi katika kioo cha kompyuta ni finyu, na kwamba mtumiaji hahitaji darasa. Hatukatai. Hata hivyo, "biti hazilingani", "kanuni hazilingani" na "kichakataji hakilingani" ni maneno mawili mawili tu. Tena tukumbuke kilichomo hatarini. Faili ya wimbo uliopigwa kwa kichomeko aghalabu huhifadhi noti na vipimo, siyo sauti yenyewe. Mwenye studio aambiwaye "haioani" huamini kwamba kichomeko kimekufa, hukifuta, na kuweka kingine. Noti zikabaki zile zile, wimbo ukawa mwingine. Laiti angeambiwa ugonjwa, angetafuta dawa. Na pale dawa isipokuwapo, angejua kuwa imempasa aiwashe kompyuta ya zamani ingali hai na kuurekodi wimbo huo uwe sauti kamili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ana haki ya kufunga mlango, lakini ni wajibu wa mfasiri kueleza umefungwa kwa nini. Kwa maoni yetu, "haioani" na libaki kuwa jina la jumla, nayo maneno daraja, ganda na ufasiri yapewe kila moja mpaka wake. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kazini, na watuletee hoja zao.