Kibali cha Nini? Istilahi za Uchafuzi katika Hati za Viwanda

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Hatua hiyo ilituletea heshima, na pamoja na heshima mzigo. Istilahi ambazo zamani zilikuwa za semina na kamusi sasa zimo katika hati zinazompa mtu haki au kumnyima. Katika makala haya tunakusudia kuzipima chache zinazotumika pale mwenye kiwanda anapoomba ruhusa kwa mujibu wa sheria za mazingira. Tumefikiria hasa Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam, ambako sehemu kama Chang'ombe, Mbagala na Mikocheni zina viwanda vilivyopakana na nyumba za watu.

Tuanze na "kibali cha uchafuzi", maneno yanayosikika mara kwa mara. Kiini cha neno kibali ni kukubali. Kibali cha ujenzi humruhusu mtu kujenga, na kibali cha mazishi humruhusu kuzika. Kwa kipimo hicho hicho, kibali cha uchafuzi ni ruhusa ya kuchafua. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haitoi ruhusa ya namna hiyo, bali inakataza uchafuzi. Kinachoweza kuruhusiwa ni kutiririsha majitaka yaliyosafishwa mpaka yakafikia kipimo kilichowekwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ililiweka jambo hilo chini ya bodi za mabonde, na mito ya Dar es Salaam imo katika Bonde la Wami/Ruvu. Basi istilahi iliyo sahihi ni "kibali cha kutiririsha majitaka". Watakaosema kuwa ni ndefu tunawajibu kwamba urefu si kosa, kosa ni kupotosha. Mkazi wa kando ya Mto Kizinga akilalamikia maji yenye rangi, kisha akaonyeshwa karatasi iliyoandikwa "kibali cha uchafuzi", atarudi nyumbani akiamini kwamba shauri limekwisha.

Jambo la pili ni kuchanganya cheti, leseni na kibali kana kwamba maana yake ni moja. Kifungu cha 81 cha sheria hiyo ya mwaka 2004 kinatofautisha waziwazi: leseni au kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimpi mtu haki ya kuanza mradi kabla ya kupata cheti cha tathmini. Mwenye karakana ya sabuni aliyeambiwa kwa mdomo kwamba "karatasi zote ni zile zile" anaweza kufunga mitambo akiwa na leseni ya biashara tu, na baadaye akaamriwa kuizima. Tunapendekeza cheti kibaki kwa tathmini, leseni kwa biashara, na kibali kwa tendo moja linalotajwa kwa kitenzi chake.

Cheti chenyewe nacho kina utata. Wengine huandika "Tathmini ya Athari za Mazingira". Athari za mvua ni zile zinazoletwa na mvua, kwa hiyo athari za mazingira zitakuwa zile zinazoletwa na mazingira. Kiwanda ndicho kinachoathiri. "Tathmini ya Athari kwa Mazingira" ndiyo inayoitaja dhana ilivyo, na haifai kuachwa kwa sababu ya uvivu wa kuandika "kwa".

Lililo zito zaidi ni neno "kiwango". Katika fomu moja tuliyoipitia tulikuta sentensi hii: "Kiwango cha uchafuzi kiwe katika kiwango." Kiwango cha kwanza ni kile kilichopimwa, na cha pili ni kile kisichoruhusiwa kuvukwa. Tunashauri cha kwanza kiitwe kiasi na cha pili kikomo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 ziliweka miligramu 30 kwa lita kwa oksijeni inayohitajiwa na bakteria kuozesha taka zilizomo katika majitaka. Sasa tuandike: "Kiasi kilichopimwa ni miligramu 45, kikomo ni 30." Hapo fundi, mkaguzi na jirani wote wamejua kwamba kikomo kimevukwa, bila kuhitaji mfasiri.

Hatusemi kwamba kazi yote ni mbovu. "Uchafuzi" umetengwa vema na "uchafu", kwani mmoja ni tendo na mwingine ni hali. Na "majitaka" limeenea kwa sababu linajieleza. Maneno hayo yanathibitisha kwamba Kiswahili hakina upungufu katika uwanja huu. Upungufu uko katika fasiri za haraka zinazofuata umbo la neno la kigeni na kuiacha dhana yake nyuma.

Tunawaomba maofisa wa mazingira, wenye viwanda na viongozi wa mitaa watuletee hati wanazozitumia pamoja na maoni yao, ili istilahi hizi zijadiliwe kabla hazijazoeleka. Neno baya likishapigwa muhuri ni vigumu kuling'oa.