«Umekataliwa»: Uhakiki wa lugha ya ujumbe wa kasoro katika barua pepe na vivinjari

0. Utangulizi

Uhakiki hushughulika na matini yenye mtungaji, msomaji na kusudi. Kwa kipimo hicho, maneno machache yatokeayo kwenye kioo cha kompyuta barua pepe inapokwama, au ukurasa wa wavuti unapogoma kufunguka, ni matini kama matini nyingine. Yana aliyeyatunga, yana anayeyasoma, na kusudi lake ni kumwongoza msomaji atoke katika shida. Makala haya yachukua ujumbe huo wa kasoro kuwa kazi ya kuhakikiwa, nayo yauliza swali moja: je, unamwambia msomaji ni nani amekataa nini?

Swali hili halikuzuka vitabuni. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliomba ufadhili wa masomo katika chuo cha ng'ambo. Vyeti vyake, baada ya kupigwa picha, vilifika megabaiti 20, naye alikuwa amesoma kwamba sanduku la wapokeaji lilikubali hadi megabaiti 25. Alituma. Baada ya dakika chache akapata barua ya kurudishiwa, kwa Kifaransa, yenye neno «rejeté». Aliniletea simu yake nikiwa kati ya vipindi viwili. «Mwalimu, wanasema nini hapa?» Nilitazama mstari wa kwanza tu, nikamjibu: «Umekataliwa.» Akanishukuru, akaenda zake. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya muda wa maombi kwisha.

Miezi miwili baadaye ndipo nilipotambua kwamba alidhani yeye ndiye aliyekataliwa. Kumbe hakuna mtu aliyelisoma ombi lake. Kilichokataliwa kilikuwa ukubwa wa viambatisho, na dawa yake ilikuwa kuvigawa katika barua mbili. Kosa langu halikuwa la kompyuta. Lilikuwa la sarufi.

1. Kiambishi chenye nyuso mbili

Tulitazame neno nililolitumia. Katika «umekataliwa», kiambishi *u-* chaweza kuwa cha nafsi ya pili umoja, yaani wewe. Chaweza pia kuwa cha upatanisho wa *ujumbe*. Mimi nilimaanisha ujumbe, mwanafunzi akasikia wewe. Wala hakukosea, kwa kuwa sarufi ilimruhusu, na hofu yake ikamsukuma upande huo.

Jambo hili si la neno moja. Majina mengi ambayo lugha ya kompyuta hutegemea yana upatanisho huohuo: *ujumbe*, *ukurasa*, *mtandao*, *muunganisho*, *mfumo*. Kwa hiyo kila mara mfasiri anapoandika «umezuiwa», «umeshindwa», «umefungiwa», pasipo kulitaja jina lenyewe, anamwachia msomaji achague kati ya mashine na nafsi yake. Na msomaji aliye peke yake mbele ya kioo huchagua nafsi yake. Husema: mimi sijui mashine hizi, nimeharibu.

Kinga yake ni nyepesi. Kwanza, jina litajwe, hata kama mtungaji anaona nafasi ni ndogo. Pili, penye visawe viwili, lichaguliwe jina la ngeli nyingine: «barua imerudishwa» haina utata, kwa kuwa *i-* haiwezi kuwa wewe. Tatu, mtenda atajwe. Kitenzi cha kutendwa kinaficha aliyetenda, na katika barua iliyorudi aliyetenda ndiye habari yenyewe. «Seva ya wapokeaji imeirudisha barua kwa sababu viambatisho vimezidi ukubwa unaokubaliwa»: hapo mwanafunzi wangu angejua la kufanya.

Habari hiyo ilikuwamo katika barua ile, chini, mahali ambapo sikushuka kusoma. Ilikuwa namba 552, ikifuatwa na 5.3.4, ambayo katika kanuni za barua pepe maana yake ni kwamba ujumbe ni mkubwa kuliko mfumo unavyokubali. Lakini megabaiti 20 zimezidije 25? Barua pepe iliundwa kubeba maandishi. Ili picha isafiri ndani yake hubadilishwa kuwa herufi, na kila baiti tatu huwa herufi nne. Mzigo huongezeka kwa theluthi moja: 20 zikawa karibu 27. Mtumaji hupima mzigo kabla ya kuufunga, seva huupima baada ya kufungwa.

Kuna na jina la aliyeandika barua hiyo: Mailer-Daemon. Katika mji wa makanisa mengi kama Lubumbashi, jina hilo halisomwi kwa moyo mtulivu, na nimewaona watu wakiifuta barua kabla ya kuifungua. Yafaa waambiwe kwamba hilo ni jina la programu ifanyayo kazi nyuma ya pazia bila kuitwa. Watengenezaji wa programu wa MIT, Marekani, walilichukua katika miaka ya 1960 kutoka kwa kiumbe wa kubuniwa katika jaribio la mawazo la mwanafizikia James Clerk Maxwell. Ni tarishi, si pepo, na barua yake ndiyo ya kwanza kusomwa.

2. «Bado» na «hapana»

Hoja ya pili ni ya njeo. Kanuni za kupeleka barua pepe, ambazo Jonathan Postel alizitolea toleo lililojulikana sana mwaka 1982, huainisha majibu ya seva kwa tarakimu ya kwanza. Jibu lianzalo na 2 ni la kukubali. Jibu lianzalo na 4 ni la kukwama kwa muda: sanduku lina shughuli, seva imelemewa. Lianzalo na 5 ni la kukataa moja kwa moja. Baada ya jibu la 4, seva yenyewe huendelea kujaribu. Toleo la mwaka 2008 la kanuni hizo lashauri isubiri walau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Tofauti hiyo Kiswahili kinaibeba ndani ya kitenzi bila kuhitaji tarakimu. *Haijafika*: mlango u wazi, ngoja. *Haikufika*: safari imekwisha, tengeneza kisha utume upya. Mtoto wa Kiswahili huijua tofauti hii kabla ya kwenda shule. Lakini katika ujumbe mwingi wa kasoro mambo hayo mawili hufunikwa kwa fungu moja la majina, kama vile «hitilafu ya uwasilishaji». Fungu hilo halina njeo, halina nafsi, halina mtenda. Matokeo yake twayaona kila siku: aliyeambiwa angoje hutuma barua ileile mara saba, na aliyepaswa kutuma upya hukaa akingoja.

Hapa tuwe waadilifu. Wafasiri wamefanya kazi kubwa. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, na tangu hapo programu nyingi zimefuata. Lakini mjadala wetu umekaa mno kwenye majina: iwe *kompyuta* au *tarakilishi*, na je, mtu wa Lubumbashi asemaye *rezo* alazimishwe kusema *mtandao*? Majina si kitu kidogo. Hata hivyo, aliyesema *rezo* alifahamika, na aliyesema *umekataliwa* hakufahamika. Uhai wa ujumbe wa kasoro umo katika kitenzi.

3. Saa iliyorudi nyuma

Mfano wa tatu watoka kwenye vivinjari. Katika ofisi moja, baada ya umeme kukatika siku kadhaa, kompyuta ya zamani iliwashwa, na kila ukurasa uliofunguliwa ukatoa onyo lenye maana kwamba muunganisho wako si wa siri na huenda wezi wanataka kuiba nywila zako. Watu waliogopa. Mmoja alibadilisha nywila zake zote akitumia simu, mwingine akataka mashine ipelekwe kwa fundi ifutwe yote.

Chanzo kilikuwa betri ndogo, ya mviringo kama sarafu, inayoilinda saa ya kompyuta umeme usipokuwapo. Betri ilikuwa imekufa, na saa ikarudi nyuma miaka mingi. Kila tovuti salama huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari huzilinganisha na saa ya kompyuta. Saa ikisema tuko mwaka 2002, hati zote zinaonekana hazijaanza kazi. Saa ikirekebishwa, milango yafunguka. Betri isipobadilishwa, kesho yake shida inarudi.

Onyo lile halikudanganya, kwa kuwa kivinjari hakikuweza kuthibitisha kitu. Lakini lilianza na tishio likaiacha sababu iliyo karibu. Yafaa kusifu kwamba vivinjari kadhaa, Chrome na Firefox vikiwamo, vimejifunza kuitambua hali hii na kumwambia mtumiaji kwamba saa ya kompyuta yake haiko sawa. Huo ni ujumbe ulioandikwa vizuri: wataja kitu, wataja mahali, na waonyesha njia.

Msomaji aangalie pia kwamba tarakimu za wavuti si zile za barua. Katika kurasa za wavuti, 4 mwanzoni huelekeza kwenye ombi lililotumwa: 404 ni ukurasa usioonekana, labda anwani imeandikwa vibaya, 403 ni ukurasa usioruhusiwa kwako. Tarakimu 5 huelekeza kwenye seva: ukiona 500 au 503, kosa si lako. Hivyo katika barua 4 yasema «ngoja», na katika wavuti mara nyingi yasema «tazama ulichoomba». Namba bila sentensi ni fumbo hata kwa mjuzi.

4. Hitimisho

Yupo atakayesema kwamba hapa kwetu programu hutumiwa kwa Kifaransa, basi mjadala huu wa nini? Kisa cha mwanafunzi wangu chamjibu. Ujumbe uliandikwa kwa Kifaransa, ukaelezwa kwa Kiswahili, na ni katika Kiswahili ulipopotea. Kila siku, katika kila chumba chenye kompyuta, kuna mtu anayemfasiria mwenzake ujumbe wa kasoro kwa mdomo. Mfasiri huyo hana kamusi wala mhariri, na mara nyingi ni sisi walimu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba, kabla ya kufasiri ujumbe wowote wa namna hii, tujiulize maswali matatu. Nani ametenda: mtumiaji, mashine yake, mtandao, au seva ya mbali? Nini kimetendwa, na kwa jina gani lisilogongana na «wewe»? Na je, ni *haijafika* au *haikufika*? Ujumbe usioyajibu hayo haujafasiriwa, hata kama kila neno lake limo kamusini. Mwenye kuusoma naye ashuke hadi mstari wa mwisho, kwani huko chini ndiko sababu hukaa.

Mwanafunzi yule aliomba tena mwaka uliofuata, safari hii kwa barua mbili nyepesi. Hazikurudi. Jibu alilopata baadaye liliandikwa na watu, nalo lilikuwa la kukataa. Aliniletea tena, tukalisoma pamoja hadi mwisho, neno kwa neno, na safari hii hatukuwa na shaka ni nani aliyekataa, wala ni nini kilichokataliwa. Mwaka ule wa kwanza, jibu halikutolewa na mtu yeyote ila mimi.

Wasomaji wa jarida hili walio na mifano ya ujumbe wa kasoro uliofasiriwa vema au vibaya, kwa maandishi au kwa mdomo, wanaombwa kutuletea, ili tuendelee kuusahihisha pamoja.