Risasi Nyepesi, Springi Nyepesi

Katika miaka yangu ya ualimu nimesahihisha majibu mengi, na naweza kusema kwamba jibu la uongo mtupu halimsumbui mwalimu. Hulikata kwa kalamu nyekundu akaendelea na kazi. Linalosumbua ni jibu lenye ukweli nusu, maana mwanafunzi huondoka nalo akiamini kuwa amepata kitu kizima.

Nasaha ninayotaka kuihakiki hapa ni ya namna hiyo. Ililetwa na mpwa wangu aishiye Texas, Marekani, alipokuja likizo nyumbani Muleba. Huko ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha kwa bastola, na kama wenzake wengi hushindilia risasi zake mwenyewe. Hupima baruti kwa mizani na kutia kidogo kuliko ya kiwandani, ili bastola isimrushe mkono na apate kulenga tena upesi. Alikuja na karatasi chache za mafundisho.

"Mjomba," alisema, "wewe ulifundisha fizikia. Bastola yangu inakwama kila mara. Wanasema risasi nyepesi itakiwe springi nyepesi. Nikate pindi mbili za springi?"

Sisi wa Kagera hatuzungumzi habari za silaha kwa mzaha. Tuliokuwapo mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likavunjwa, tunajua silaha ni nini. Lakini swali la kijana lilikuwa la haki, nami nikazisoma karatasi zile.

Kwanza tuelewe kazi ya springi hiyo. Risasi inapotoka, kipande cha juu cha bastola, ambacho walenga shabaha hukiita slaidi, hurudi nyuma kwa nguvu, kikatupa ganda tupu na kuibana springi. Kisha springi hukisukuma mbele. Njiani huchukua risasi mpya kutoka kwenye magazini, ikaiingiza na kuufunga mlango. Basi springi ina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Haki ya mwandishi nimpe: msingi wake ni wa kweli. Bastola ya John Browning iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 kwa kawaida hutumia springi ya pauni 16, pamoja na risasi yenye uzito wa greni 230. Walenga shabaha wanaopunguza baruti aghalabu hushuka hadi pauni 12, hata 10. Wasiposhuka, slaidi hairudi nyuma ya kutosha, na ganda tupu hubanwa mlangoni. Ndiyo yaliyompata mpwa wangu.

Kasoro ya kwanza ni ya lugha. "Risasi nyepesi" ni ipi? Ile yenye uzito mdogo, au ile yenye msukumo mdogo? Hayo ni mambo mawili. Katika mashindano ya namna hii, ambayo shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1976, nguvu ya risasi hupimwa kwa kuzidisha uzito wake kwa mwendo wake, yaani futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Isiyofika 125 haihesabiwi. Sasa chukua risasi ya greni 115 iendayo futi 1,130, na ya greni 147 iendayo futi 885. Zote mbili zinapata karibu 130. Moja ni nyepesi mkononi, nyingine nzito, lakini slaidi husukumwa karibu sawasawa. Anayechagua springi kwa kutazama uzito wa risasi peke yake amepotea kabla hajaanza.

Kasoro ya pili, mwandishi anatazama safari ya kwenda tu. Springi iliyolegea mno huachia slaidi igonge fremu kwa kishindo, na tena hukosa nguvu ya kuingiza risasi mpya na kufunga mlango barabara. Ndiyo maana kukata pindi ni kubahatisha; springi za vipimo zinauzwa, na bei yake si kubwa. Ashuke pauni mbili mbili, abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Atie risasi moja tu kwenye magazini, apige, atazame kama slaidi inabaki wazi nyuma. Atazame pia maganda: yakidondoka miguuni, springi bado ni ngumu kwa risasi ile, yakiruka mbali mno, imelegea.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonitia wasiwasi.

"Usiku bastola hiyo inakaa wapi?" nilimwuliza.

"Ndani ya kasha la kufuli, Mjomba, karibu na kitanda."

"Ina risasi zipi?"

"Za kiwandani. Zile zenye nguvu."

"Na springi je?"

Akanyamaza.

Karatasi zote zile hazikuwa na neno moja la kumwambia airudishe springi ya awali anaporudia risasi za awali. Nilimkumbusha pikapu tuliyokuwa tukipanda kati ya Bukoba na Muleba alipokuwa mdogo. Fundi aliiongezea mabapa ya springi kwa ajili ya mikungu ya ndizi. Ikijaa ilikwenda vizuri. Ikirudi tupu, kabla ya Kemondo abiria wote tulikuwa tumeumia viuno. Fundi hakukosea hesabu ya mzigo. Alisahau tu kwamba gari hurudi.

Nami nikajiona katika kosa hilo. Kwa miaka mingi niliwaandikisha walimu wanafunzi kanuni ya Hooke, kwamba springi hunyooka kwa kadiri ya uzito, wakaikariri, wakafaulu. Sikumbuki kama niliwahi kuwauliza springi inafanya nini uzito unapoondolewa.

Mpwa wangu alirudi Texas, akanunua springi mbili, kila moja akaifunga na risasi zake ndani ya mfuko wenye maandishi. Alipopiga simu aliniambia bastola haikwami tena. Nilimwuliza ni springi ipi iliyomo usiku ule. Akaniomba nisubiri, akaenda kutazama.