Kunde Zisizopasuka

Ijumaa, baada ya Magharibi, mamdogo huketi kwenye kigoda sebuleni kwake Ngamiani, Tanga, ungo mapajani. Humwaga vikombe viwili vya kunde, huzitandaza kwa kiganja, kisha huanza kuzivuta upande wake chache chache. Mawe huyatupa. Zilizotobolewa na fukusi huziweka kando kwa ajili ya kuku wa jirani. Zilizosinyaa huzishika moja moja kwa kucha ya kidole gumba, huzitazama, nyingine huzirudisha. Akimaliza hupepeta mara tatu, makapi yakaruka, ungo ukabaki na sauti moja tu, ya kunde nzima zikigongana.

Nilimwuliza siku moja kwa nini hanunui zilizokwisha kuchambuliwa.

“Nataka nizijue, mwanangu,” alisema. “Kunde za mwaka jana na za juzi haziivi pamoja. Ukizichanganya, hizi zitapasuka wakati zile bado ngumu.”

Kwa wengi wetu kunde iliyopasuka si neno. Kwake ni neno.

Mamdogo ana hali ambayo madaktari huiita PCOS, na ambayo mtaani husemwa ni vivimbe kwenye ovari. Jina hilo linapotosha. Vile vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe, ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani, na wapo wanawake wenye hali hii ambao hawana hata vijifuko hivyo. Huwapata wanawake wengi, kiasi cha mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Kwake ilianza kwa hedhi kupotea miezi minne, mitano, kisha kurudi kwa fujo. Ndevu zikaota kidevuni. Shingo ikawa nyeusi nyuma, naye akawa anaisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu, mpaka inachubuka. Mara ya kwanza alipokwenda kutibiwa aliambiwa apunguze mwili, basi. Ilipita miaka sita kabla hajapata daktari wa kumkalisha na kumweleza.

Alielezwa kwamba mwili wake hauisikii insulini inavyotakiwa, kwa hiyo kongosho huongeza nyingine na nyingine. Insulini ikijaa kwenye damu huchochea ovari zitengeneze homoni za androjeni nyingi kupita kiasi. Androjeni kila mwanamke anazo kidogo, ila zikizidi yai halipevuki na nywele huota pasipotakiwa. Hata ule weusi wa shingo ni alama ya insulini hiyohiyo. Alipewa metformini, ambayo anaimeza hadi leo, na akaambiwa ale vizuri. Namna ya kula vizuri hakufafanuliwa. Ana miaka kumi na moja sasa anaitafuta mwenyewe, sufuria kwa sufuria.

Kunde hulala ndani ya maji usiku mzima, maji yakizipita juu kwa vidole vinne. Asubuhi huyamwaga maji hayo, yameshachukua sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi, huzisuuza, na kuziteleka kwa maji mapya. Magadi hatii. Majirani wamemshauri miaka yote: chembe ya magadi tu, nusu saa kunde zimeiva. Lakini magadi hulainisha ganda mpaka likafumuka, na mamdogo analitaka ganda. Wanga wa kunde umefungiwa ndani ya kuta ngumu za seli za punje. Kuta hizo zikibaki nzima, tumbo hulazimika kuutoa kidogo kidogo, na sukari hupanda kwenye damu taratibu. Ukisaga kunde au ukizivuruga, umeifanya kazi ya tumbo kabla haijaanza.

Kwa hiyo anakaa na moto. Maji yakichemka huondoa makaa mawili kwa koleo, baadaye la tatu, mpaka yanatokota kwa sauti ndogo upande mmoja wa sufuria. Hakorogi. Hushika masikio ya sufuria kwa kitambaa akaitikisa mara moja, kunde zikajigeuza zenyewe. Baada ya saa nzima huchota moja kwa upawa, huipuliza, huibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Inatakiwa ibonyee pote kwa pamoja, isiwe na kiini kigumu, na ganda lisiteleze. Ikiteleza, amechelewa. Sijaona akichelewa.

Wakati kunde zinaiva, anakalia mbuzi. Nazi huipasua kwa kisu cha mgongo mzito, mapigo matatu kuizunguka, na kifuu kinafunguka kwenye mstari. Hukuna kuanzia ukingoni akielekea katikati, akizungusha kifuu mkono wa kushoto, na huacha pale weupe unapoanza kupata chembe za kahawia. Nazi hiyo iliyokunwa huitia kwenye chujio na maji ya uvuguvugu ya kikombe kimoja tu, huikamua, na hilo ndilo tui zito. Huliweka kando. Maji ya pili hutoa tui jepesi, jingi, na hilo ndilo linaloingia kwenye kunde kwanza pamoja na kitunguu, nyanya moja, kipande cha tangawizi iliyopondwa na bizari kidogo.

Nilitegemea angeiacha nazi. Ushauri mwingi kuhusu hali hii, unaosemwa na watu wasiojua pwani, huanza kwa kufuta: acha hiki, acha kile, nunua kitu ambacho duka la mtaani halijawahi kukiona. Mamdogo alijaribu kwa miezi mitatu, akala mkate wa bei ghali na majani asiyoyajua jina, akashindwa na pesa, na hata ladha ikamshinda. Kisha akarudi kwenye chakula cha mama yake na kuanza kukipima upya. Nazi moja kwa nyumba nzima, si mbili. Tui zito kikombe kimoja, mwishoni, wakati moto umeshashushwa. Hulimimina kwa uzi mwembamba huku upawa ukizunguka upande mmoja bila kusimama, maana tui likichemka kwa kasi hukatika, mafuta yakaelea na maziwa yakawa punje. Anahesabu kimya. Mchuzi unageuka kutoka rangi ya udongo kuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo chumvi, na sufuria inashuka.

Matembele hayana maneno mengi. Hung'oa nyuzi za vikonyo, huosha maji matatu mpaka mchanga hauonekani chini ya beseni, huyakata, huyatia kwenye kitunguu kilicholainika kwa kijiko kimoja cha mafuta, hufunika kwa muda wa kumenya tango, hufunua. Bado ni kijani.

Samaki leo ni vibua. Amewachanja mistari mitatu kila upande na kuwapaka chumvi, kitunguu saumu na limau tangu asubuhi. Huwaweka kwenye wavu wakati makaa yamevaa jivu. Hawagusi mpaka ngozi ijiachie yenyewe. Anayemgeuza samaki kabla ya wakati huuachia wavu nusu ya nyama.

Kinachobaki ni ugali, na hapa ndipo mikono yake hunishangaza zaidi. Mahindi hununua soko la Mgandini, huyachambua yaliyoota ukungu kwa kuogopa sumukuvu, kisha hupeleka mashineni kilo tatu tu kwa safari, bila kukoboa. Dona hubaki na pumba na kiini, na mafuta ya kiini hayavumilii kukaa. Likizeeka huwa chungu. Hukoroga konzi moja kwa maji baridi, huimimina kwenye maji yanayochemka, na uji huo huuacha utokote muda mrefu kuliko nilivyozoea, mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Ndipo hutia unga kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unasonga. Mwiko unakandamiza bonge ukutani mwa sufuria, unalikunja, unalivuta kwake, unaligeuza. Dona ni kaidi kuliko sembe, huvunjika. Mamdogo huliziba kwa kulisubiri: hupunguza moto, hufunika dakika kadhaa, husonga tena. Mara ya tatu bonge huacha kuta za sufuria likiwa zima.

Dona nalo ni wanga, na hajidanganyi. Ana kibakuli cha udongo, cha kachumbari, ambacho hukichovya maji, hutia ugali, hukirusharusha kwa kifundo cha mkono mpaka unakuwa mviringo, hukigeuza juu ya sahani. Bibi yangu alifanya hivyohivyo kwa ajili ya urembo tu. Mamdogo hukitumia kama kipimo. Kimoja, basi. Robo ya sahani. Nusu ni matembele na tango, na robo iliyobaki ni kibua na kunde.

Halafu anakula kwa mpangilio wake. Watu wengine mkekani wanamega tonge, wanachovya mchuzi. Yeye anaanza na matembele matupu, anayatafuna bila haraka, anafuata samaki akichambua miiba kwa ncha za vidole, kisha kunde. Ugali anaugusa mwisho. Imepimwa na kuonekana kwamba mboga na samaki vikitangulia, sukari ya wanga unaofuata hupanda polepole zaidi. Alisomewa hilo na mwanawe kwenye simu, akalijaribu wiki nzima, akaona ule usingizi mzito wa baada ya chakula cha mchana umepungua.

Karibu na dirisha la jiko kuna kalenda ya duka la vitambaa. Siku zake amezizungushia kwa penseli. Mwaka juzi vilikuwa viduara vinne mwaka mzima. Mwaka huu, tukiwa Agosti, nilihesabu saba, vingine karibu karibu, vingine vimeachana. Metformini imo katika mabadiliko hayo, na kutembea kwake hadi baharini alfajiri kumo. Hadai kwamba amepona. Mwezi wa tano hakuna duara, na hakuufuta wala kuuficha; aliuandikia alama ndogo ya kuuliza na kuendelea kuchambua kunde.

Ugali umebaki robo. Kunde zimebaki bakuli moja. Ameziachia zipoe wazi kidogo, kisha ameziingiza kwenye friji na kuufunika ugali kwa kawa ndani ya sahani. Wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hugeuka kuwa mgumu kusagwa tumboni, na kwa mtu kama yeye huo ni msaada. Anayajua haya, lakini nilipomsifia kiporo chake alinitazama kwa mshangao.

“Chakula hakitupwi, mwanangu,” alisema, akavuta ungo kutoka ukutani. “Nipe hizo choroko.”