Hesabu unazijua, mbona mpira hauingii?

Ukishawahi kusimama pembeni ya meza ya pool jioni, sababu za watu kukosa unazijua zote. Meza imeinama. Chaki imeisha. Fulani kapiga kelele. Halafu yupo yule msomi wa kundi: "Huu mchezo ni pembe tu, ukijua hesabu hukosi." Huyo ndiye ninayetaka kubishana naye leo. Na mmoja wa walimu wake namfahamu. Ni katuni.

Donald in Mathmagic Land ya Walt Disney ilitoka mwaka 1959. Ina dakika 27 hivi, na hadi leo inaonyeshwa madarasani. Sehemu yake moja inampeleka Donald Duck kwenye biliadi ya kingo tatu. Mipira ni mitatu, shimo hakuna hata moja, na mpira wako lazima uguse kingo za meza angalau mara tatu kabla ya kuugusa mpira wa mwisho. Mchezaji hodari anasoma alama za almasi zilizopo kwenye mbao za meza, anatoa namba moja kwenye nyingine, anapiga. Mpira unakwenda kule kule ulikotumwa.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mfumo ule wa almasi ni wa kweli na wachezaji wanautumia. Mtoto aliyezoea kuona kutoa na kujumlisha kama adhabu anaona kutoa kukifanya kazi mbele ya macho yake. Mimi mwenyewe nimeshawaonyesha wanafunzi katuni hii, na walicheka, na walielewa.

Tatizo langu ni kwamba inaishia pale hesabu inapoanza kunoga. Inakuonyesha njia ya mpira, lakini haisemi hata mara moja unaruhusiwa kukosea kiasi gani.

Hebu tupige hesabu hiyo wenyewe. Mpira wa kawaida wa pool una kipenyo cha milimita 57 hivi. Chukua pigo rahisi kabisa: mpira mweupe, mpira wa rangi na shimo la pembeni vimenyooka mstari mmoja. Kati ya mweupe na wa rangi kuna mita 1, na kutoka hapo hadi shimoni kuna mita 1 nyingine. Sasa mweupe utoke ukiwa umepinda kidogo tu. Kwa pigo hili, kosa la mweupe linazidishwa kwa umbali uliogawanywa kwa kipenyo, ukitoa moja: 1,000 gawanya kwa 57, toa 1. Unapata karibu 16.5. Yaani mweupe ukipinda nyuzi 1, wa rangi unapinda zaidi ya nyuzi 16!

Shimo la pembeni kwenye meza ya mashindano lina upana wa milimita 114 hivi. Mpira wenyewe unachukua 57, kwa hiyo unabaki na nafasi ya milimita 28 na kidogo kila upande. Ukirudi nyuma na hesabu, nafasi hiyo ni sawa na kosa la nyuzi 0.1 kwenye mpira mweupe. Kama mkono wako wa mbele uko sentimita 30 kutoka ncha ya fimbo, nyuzi 0.1 ni ncha kusogea nusu milimita. Na hilo ndilo pigo tulilokubaliana kuliita rahisi. Likiwa la kukata kwa nyuzi 60, ukuzaji wa kosa unakuwa kama mara mbili.

Hapo bado fizikia haijasema neno. Mipira ikigusana kuna msuguano, na kwenye pigo la kukata msuguano huo unauburuta mpira wa rangi nyuzi kadhaa kutoka kwenye mstari ulioupanga, hasa ukipiga polepole na mweupe ukafika bila kubiringika. Ukipiga mweupe ubavuni ili uzunguke, unatoka ukiwa umesukumwa upande wa pili, na kwa fimbo ya kawaida inaweza kufika nyuzi 1 au zaidi. Gaspard-Gustave de Coriolis, yule yule wa nguvu ya Coriolis kwenye hali ya hewa, aliandika kitabu kizima cha hesabu za biliadi mwaka 1835. Pembe tupu zingetosha, asingejisumbua hivyo.

Sasa angalia faida ya kuhesabu makosa. Punguza umbali kati ya mweupe na wa rangi kutoka mita 1 hadi sentimita 30, na ukuzaji unashuka kutoka 16.5 hadi 4 na kidogo. Nafasi yako ya kukosea inakua karibu mara 4 kwa mkono ule ule. Kumbe yule jamaa anayesafisha meza huenda hana mkono ulionyooka kuliko wako kwa kiasi unachodhani. Anachojua ni kuuacha mweupe karibu na mpira unaofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye anaziba ufa pigo moja kabla.

Hili ndilo katuni ingeweza kulisema kwa dakika moja tu. Kwa kutolisema, inamwachia mtoto somo la hatari: anayejua kanuni hakosi, hivyo aliyekosa hajui. Nalikuta somo hilo maabara kila muhula. Mwanafunzi anapima g kwa pendulamu, anapata 9.6, anafuta kwa aibu na kuandika 9.8. Kanuni anaijua vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba kukadiria kosa lake nako ni hesabu, na pengine ndiyo hesabu aliyoletwa maabara kujifunza.

Kwa hiyo waonyesheni watoto Donald, ni katuni nzuri. Ikiisha, wapeni fimbo wapige wenyewe. Wakikosa, waulizeni wamekosa kwa milimita ngapi.