Kutoka Tabata hadi Dodoma: uhamisho uliopangwa kuanzia mwisho

Watu wengi wanaohama huanza kwa kutafuta gari. Gari likishapatikana ndipo vyombo vinafungwa, na vyombo vikishapakiwa ndipo mtu mmoja anauliza: hivi kule tunakokwenda maji yanatoka? Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi tunashuhudia mambo yaleyale. Canter inafika saa nne usiku, watoto wanasinzia juu ya viroba, godoro lipo lakini shuka hazijulikani ziko wapi, na mwenye nyumba hapokei simu.

Familia ninayoichambua hapa ilipanga kinyume. Ni mume, mke, watoto watatu na bibi yao, waliohama kutoka Tabata, Dar es Salaam, kwenda Nkuhungu, Dodoma, baada ya mke, ambaye ni mtumishi wa umma, kupewa barua ya uhamisho. Jambo la kwanza walilojiuliza lilikuwa: usiku wa kwanza kule, nani atalala wapi, atapika nini na ataoga maji gani? Majibu ya hapo ndiyo yaliyoamua mengine yote, kuanzia tarehe ya safari hadi nafasi ya kila boksi ndani ya gari.

Ili kuyapata majibu hayo, ilibidi mmoja atangulie. Serikali yenyewe, katika uhamisho wake mkubwa, ilikwenda kwa mafungu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini mwendo wenyewe ulishika kasi baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangulia mwaka huohuo, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akafuata 2017, na Rais mwenyewe akahamia 2019. Wizara kadhaa zilijishikiza kwanza kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ndipo zikaenda kwenye ofisi zao Mtumba. Anayetangulia hukutana na matatizo akiwa na begi moja mkononi, na ni rahisi kuyatatua hivyo kuliko ukiwa na lori limesimama mlangoni.

Katika familia hii aliyetangulia ni mke. Alikwenda kuripoti kazini, akafikia kwa mfanyakazi mwenzake, na jioni akawa anatafuta nyumba. Dalali alimwonyesha nyumba mchana, kama kawaida yao, kwa sababu mchana nyumba yoyote inapendeza. Yeye akarudi peke yake saa moja jioni, akaongea na majirani. Hakuwauliza kama maji yapo, kwa kuwa swali hilo hujibiwa "yapo" kila mahali. Aliwauliza maji yanatoka siku zipi na kwa saa ngapi. Dodoma ni mji mkavu, na kwa miaka mingi umetegemea sana visima vya Mzakwe. Watu wameongezeka haraka kuliko maji, kwa hiyo mgao ni jambo la kawaida mitaani. Jibu la majirani lilionyesha kwamba bila tanki la kwao wenyewe wangekuwa wanaomba ndoo kwa jirani ndani ya siku chache. Hapohapo ikaamuliwa kwamba simtank la lita 1,000 waliloacha Tabata halitauzwa, litapakiwa.

Jambo la pili alilolipima ni umeme. Aliomba namba ya mita, akanunua umeme wa fedha kidogo kupitia simu kabla ya kusaini mkataba, kisha akasoma ujumbe uliorudi. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na malimbikizo ya mita humwangukia yeyote anayenunua umeme, awe mwenye nyumba au mpangaji. Ujumbe ulionyesha makato ya nyuma. Alimpelekea mwenye nyumba, wakakubaliana kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango ya miezi sita, na kikaandikwa kwenye mkataba. Huku Tabata mume naye akaacha kununua umeme mwingi, maana uniti zinazobaki hubaki na mita, hazimfuati mtu.

Tarehe ya kuhama iliwekwa na shule. Likizo ndefu za shule zetu ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Desemba mvua za Dodoma zinaanza, na barabara za mitaa ambazo hazina lami hushika magari. Juni ni kavu, kwa hiyo wakachagua Juni. Lakini uhamisho wa wanafunzi waliuanza shule zikiwa bado wazi, kwa sababu barua husainiwa na mwalimu mkuu, hupita ofisi za elimu, na taarifa za mtoto wa shule ya msingi huhamishwa pia kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani (NECTA). Anayesubiri shule zifungwe ndipo aanze kuzungukia saini atamkuta mwalimu mkuu yuko likizo mkoani kwao, na mtoto atakaa nyumbani muhula ukiwa umeshaanza.

Katika suala la gari, wengi huuliza tani. Vyombo vya nyumbani havina uzito mkubwa, vinajaza nafasi. Canter inayobeba mahindi bila shida inaweza kujazwa na makochi na kabati kabla haijafika hata nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo mume alichukua futi kamba, akapima bodi la gari na akapima vyombo vikubwa. Seti ya makochi ilionekana kula karibu robo ya bodi, ikauzwa palepale mtaani, kwa kuwa mafundi wa makochi Dodoma hawakosekani. Kitanda cha mninga cha sita kwa sita kilibaki kwenye orodha, kwani kikifunguliwa kinakuwa mbao chache zilizolala, na kukitengeneza kipya ni ghali. Naona hesabu hiyo ndiyo sahihi: gharama ya kukisafirisha kitu, yaani nafasi kinayochukua, ilinganishwe na bei ya kukipata upya huko uendako. Mapenzi kwa kitu yana haki yake pia, na bibi alikwenda na kinu chake bila mtu kumuuliza.

Gari lenyewe hawakulitafuta kwenye kijiwe cha Canter cha jirani. Walikwenda sokoni Tandale. Mahindi mengi yanayoliwa Dar es Salaam hupita kwenye soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, na malori yanayoyaleta yakishashusha hutafuta mzigo wa kurudi nao. Dereva ambaye vinginevyo angerudi tupu ana sababu ya kushusha bei, wakati wa kijiweni anakutoza kwenda na kurudi. Walipatana na dereva wa Fuso, na maelewano yakaandikwa kwenye karatasi: nusu wakati wa kupakia na nusu baada ya kushusha, vijana wa kupakia na wa kushusha watalipwa na nani, na gari litasubiri kwa muda gani. Walipiga picha leseni na namba za gari. Jambo lililobaki bila kuandikwa ni turubai. Dereva alikuja na turubai lililotoboka, ikabidi wanunue jingine asubuhi ya safari kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Ufungaji ulianzia kwenye vitu visivyotumika kila siku: vyombo vya wageni, vitabu, mapazia ya akiba. Nguo ziliingia kwenye mabegi ya shangazi kaja. Vyombo vya udongo na glasi vilifungwa magazeti na khanga kuukuu, sahani zikapangwa zikiwa zimesimama kwa ubavu badala ya kulazwa moja juu ya nyingine, kwa kuwa gari likiruka tuta sahani iliyolala chini hubeba uzito wa zote zilizo juu yake. Kila boksi liliandikwa namba na chumba linakokwenda, na daftari likaeleza ndani mna nini. Kosa lao ni kuandika juu ya kifuniko. Maboksi yakishapangana kifuniko hakionekani, na wakati wa kushusha vijana walikuwa wanainua kila boksi kutafuta namba. Maandishi yanafaa kuwa ubavuni, tena pande mbili.

Skrubu za kitanda zilitiwa kwenye soksi, soksi ikafungwa kwa kamba kwenye ubao wa kichwani wa kitanda kilekile. Za kabati zilikusanywa kwenye mfuko mmoja pamoja na za meza na za rafu, na huko Dodoma kazi ya kuzitenganisha ilikula jioni nzima. Kabati lenyewe lilikuwa la MDF. Ubao huo haushiki skrubu mara ya pili kama mbao halisi, matundu yanalegea, na ndivyo ilivyokuwa. Ningekuwa mimi ningeliuza pamoja na makochi.

Friji lilizimwa siku moja kabla, barafu ikayeyuka, maji yakakaushwa na mlango ukafungwa kwa kitambaa. Liliingia garini la kwanza, likasimamishwa likiegemea upande wa kibini, likakazwa kwa kamba. Utingo alitaka kulilaza ili apate nafasi. Mume alikataa, na alikuwa na haki: friji likilala, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiliwasha upesi kompresa huumia. Hata baada ya kufika walilisimamisha bila kuliwasha hadi asubuhi yake. Vitu vizito vilikaa chini na mbele. Televisheni ilisimama katikati ya magodoro mawili. Mtungi wa gesi ulifungwa, regulata ikatolewa, ukasimamishwa nyuma mahali penye hewa. Simtank, ambalo kila mtu aliliona kuwa ni mzigo wa hewa tupu, lilijazwa mito, vyandarua na nguo kupitia mdomo wake, likawa kama boksi kubwa kuliko yote.

Kilichoingia mwisho, karibu kabisa na mlango wa bodi, ni vitu vya usiku wa kwanza: sufuria mbili, jiko, kiberiti, mchele, chumvi, ndoo mbili na dumu la maji ya kunywa, sabuni, balbu, bisibisi, nyundo na misumari, chaja, dawa za bibi, shuka, na mablanketi. Mablanketi yalitokana na simu ya mke. Juni na Julai usiku wa Dodoma huweza kushuka hadi chini ya nyuzi joto 15, na nyumba nyingi za Tabata hazina blanketi hata moja. Yalinunuliwa Dar es Salaam na kuwekwa mahali ambapo mkono unayafikia bila kushusha kitu kingine. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, mkataba wa nyumba na barua za shule havikupanda lori kabisa. Vilikaa kwenye begi la mgongoni la mume, aliyesafiri kwenye kibini na dereva.

Lori liliondoka alfajiri, likapita mizani ya Vigwaza bila tatizo, na Chalinze wakasimama kukaza kamba, kwani mzigo hukaa sawa baada ya mwendo wa kwanza na kamba zilizokazwa nyumbani hulegea. Watoto na bibi hawakusafiri siku hiyo. Walilala kwa shangazi yao Ubungo, kesho yake wakapanda treni ya SGR, ambayo kwa safari za Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza 2024 na huchukua takriban saa nne. Naona uamuzi huo ndio bora kuliko yote waliyoyafanya. Usiku wa kwanza ndani ya nyumba yenye maboksi hadi darini walilala watu wazima wawili tu. Watoto walipofika, vitanda vilikuwa vimesimama, tanki lina maji, na ubwabwa uko jikoni.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kitanda cha mninga kilichokaa miaka kwenye unyevu wa pwani kilianza kulia baada ya wiki kadhaa. Mbao zilikuwa zinakauka na kusinyaa kwa hewa ya Dodoma, na viungo vikalegea. Fundi alivikaza kwa gundi na vigingi. Anayehama kutoka pwani kwenda bara asikimbilie kukaza kila kitu siku ya kwanza. Aziache mbao zizoee hewa, kisha amwite fundi mara moja.

Mpango huu wote ulisimama juu ya jambo moja ambalo familia haikulimiliki, nalo ni fedha za uhamisho. Mke alilipwa kabla ya kuondoka, ndiyo sababu aliweza kutangulia, kulipa kodi na kuchagua tarehe. Walimu na wauguzi wengi hawapati bahati hiyo. Hupewa barua leo, huhama kwa mkopo, kisha hudai kwa miaka. Serikali imeagiza zaidi ya mara moja kwamba mtumishi asihamishwe kabla hajalipwa stahiki zake. Wakurugenzi na maafisa utumishi wanaosaini barua hizo walitekeleze agizo hilo kama lilivyo: barua itoke siku ambayo fedha zipo, na kama fedha hazipo, barua isubiri.