Jiko la Nyumba ya Mlowezi
Wasomaji, wengi wajengao Karatu hutamani ramani ya nyumba ya mlowezi: baraza pana, paa la mwinamo na meko yenye dohani. Mfano wake ni nyumba ya Gibb's Farm, iliyojengwa mwaka 1929 penye mibuni, chini ya msitu wa Ngorongoro, ambayo tangu 1972 hupokea wageni.

Baraza naisifu. Huukinga ukuta wa tofali na mvua, na watoto husomea hapo. Meko nayo si anasa, maana baridi ya Juni huku juu yauma. (Wairaqw wa kale walichimba nyumba zao ndani ya kilima, ingawa hasa ni kwa kuwaficha ng'ombe na wanyang'anyi.)

Lakini jiko! Katika nyumba nyingi za walowezi liliwekwa mbali nyuma, kwa kuwa mpishi alikuwa mtumishi, naye bwana hakutaka moshi wake. Aigaye hayo kwa fedha zake chache humfanya mkewe mtumishi nyumbani mwake, akivuka matope ya masika na sufuria mkononi. Heri kupunguza sebule, jiko likaingia chini ya paa lilelile, likaegemea ukuta wa dohani.